SOMO LA LEO: Pikapu Inayonguruma Siyo Lazima Ndiyo Yenye Nguvu



Wengi wenu mnaouza mtandaoni mmefika hatua moja. Oda za mikoani zimeongezeka, bodaboda haitoshi, na kirikuu unachokodi kila siku kinakula faida. Sasa unawaza pikapu yako ya dizeli. Unaingia kwenye kurasa za wauza magari, na kila tangazo linasema neno lile lile: "Ina nguvu balaa."

Leo nataka tujifunze kulipima hilo neno. Mimi nililiamini bila kulipima, na lilinigharimu.

Nauza samani kwa mtandao. Makabati, vitanda, meza za chakula. Mwaka nilioamua kununua usafiri wangu nilikuwa na akiba kidogo, na milioni 3 nyingine nilikopa kwenye kikoba. Dalali akanionyesha pikapu mbili. Ya kwanza ya zamani, injini ya cc 3,000, haina turbo. Ya pili mpya zaidi, cc 2,500, ina turbo. Akawasha ile ya zamani. Jamani, ilinguruma! Kioo cha duka la jirani kilitetemeka. Akawasha ile ya pili, ikalia taratibu tu. Dalali akasema, "Boss, unasikia mwenyewe. Mzigo unataka gari kama hii." Nikalipia mngurumo.

Safari ya kwanza ya mbali ilikuwa Iringa. Kitanda, kabati la milango minne na meza ya vioo, vyote vya bibi harusi. Nilimwambia mama yake nitafika Ijumaa jioni. Mpaka Morogoro mambo yalikuwa mazuri. Tulipoanza kupanda Kitonga, gia ya tatu ikakataa. Nikarudi ya pili, baadaye ya kwanza. Kelele nyingi mno, mwendo hakuna. Mshale wa joto ukaanza kupanda, nikasimama mara mbili injini ipoe. Nilifika Iringa saa 8 usiku, mama wa watu yuko macho na ndugu zake.

Alinilipa pesa yangu yote. Lakini aliniambia, "Mwanangu, kazi yako nzuri. Ungeniambia ukweli wa saa tu." Wadogo zake wawili walikuwa wameshaniomba bei ya meza. Hawakunitafuta tena.

Niliporudi Dar nikampelekea fundi. Alizunguka nyuma, akainama, akacheka. "Dada, huu mlio wako siyo wa injini. Sailensa imeoza, ina tundu naingiza kidole gumba." Yaani ule mngurumo niliokopea kikoba ulikuwa tundu.

Sitaji kampuni iliyotengeneza gari lile, kwa sababu kampuni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilinunua nguvu kwa masikio.

SASA TUANZE SOMO. NGUVU ZIKO MBILI

Kwenye karatasi ya gari utakuta namba mbili ambazo watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni nguvu za farasi. Hizi zinakwambia injini inaweza kufanya kazi kiasi gani kwa muda fulani. Zinahusika sana na mwendo wa juu na kuovateki.

Ya pili ni nguvu ya kuvuta, inayopimwa kwa Newton mita. Inaandikwa Nm. Hii ndiyo inayozungusha tairi kutoka chini wakati umebeba kilo 700 na barabara inapanda. Kwa mfanyabiashara wa mzigo, anza kuangalia hii.

Namba hizo mbili zinaungana kwa hesabu moja: chukua Nm, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawa kwa 9,549. Unapata kilowati. Kilowati 1 ni kama farasi 1.36.

Tufanye mfano wa kweli. Toyota 5L, injini ya dizeli ya zamani ya lita 3 isiyo na turbo, ina nguvu ya kuvuta chini kidogo ya Nm 200. Tuipe 190 ikiwa kwenye mizunguko 2,000. 190 mara 2,000 gawa kwa 9,549 ni kilowati 40, sawa na farasi kama 54. Sasa chukua injini ya Hilux ya lita 2.4 yenye turbo, iliyotoka 2015. Toleo lake la Nm 400, kwenye mizunguko hiyo hiyo 2,000, linatoa kilowati 84, farasi kama 114.

Umeona? Injini ndogo, mara mbili ya nguvu, pale pale ambapo wewe unapandia mlima.

Ukubwa wa injini peke yake haukwambii kitu. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda 6, inaheshimika Afrika nzima kwa uvumilivu. Nguvu yake ya kuvuta ni Nm 285. Pikapu nyingi za leo za silinda 4 zinaipita kwa namba hiyo. Heshima ya 1HZ imetokana na kudumu na urahisi wa kutengenezeka.

NAMBA ZA PIKAPU TUNAZOKUTANA NAZO

Hizi ni namba za watengenezaji. Injini moja huwa na matoleo tofauti kulingana na mwaka na soko, kwa hiyo zichukue kama mwanzo wa maswali yako kwa muuzaji.

- Toyota Hilux 2.5 (2KD), ile ya kizazi cha Vigo: kuna toleo la farasi 102 na Nm 260, na kuna la farasi 144 na Nm 343. Jina moja, injini moja, nguvu tofauti kabisa.
- Toyota Hilux 3.0 (1KD): farasi 171, Nm 343.
- Toyota Hilux 2.4 (2GD), kuanzia 2015: farasi 150, Nm 400. Kuna toleo la Nm 343 pia.
- Toyota Hilux 2.8 (1GD): farasi 177, Nm 420 kwa gia za mkono na 450 kwa otomatiki. Toleo la 2020 lilipanda mpaka farasi 204, na Nm 500 kwa otomatiki.
- Isuzu D-Max 3.0 (4JJ1): matoleo ya mwanzo farasi 163 na Nm 360, ya baadaye farasi 177 na Nm 380. Injini mpya ya 4JJ3 ina farasi 190 na Nm 450.
- Ford Ranger 2.2: farasi 150, Nm 375. Ile ya 3.2 yenye silinda 5: farasi 200, Nm 470.
- Nissan Navara 2.5 (YD25): ya mwanzo Nm 403, ya baadaye farasi 190 na Nm 450.
- Mitsubishi L200 2.4 (4N15): farasi 181, Nm 430.

Usiishie kwenye namba kubwa. Uliza pia, hiyo Nm inapatikana kwenye mizunguko mingapi? Hilux ya 2.4 inatoa Nm zake 400 kati ya 1,600 na 2,000. L200 ya 2.4 inafika Nm 430 kwenye 2,500. Kwenye karatasi L200 imeshinda. Lakini dereva anayependa kupanda na injini iko chini chini, bila kukanyaga sana, anaweza kuiona Hilux ni rahisi zaidi. Dereva anayeachia injini izunguke atafurahia L200. Hakuna aliyedanganywa, ni matumizi tu.

Na kama safari zako ni za nyanda za juu, kumbuka hewa. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Kwa hiyo ile pikapu yangu iliyokuwa hai Dar, ilifika kule imeshapunguzwa. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini, ndiyo maana yenye turbo haiteseki hivyo.

KELELE INATOKA WAPI?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Hewa inakandamizwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha dizeli inapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kati ya kupulizwa na kuwaka kuna kuchelewa kidogo sana. Dizeli iliyojikusanya kwenye huo muda inawaka kwa mkupuo, na presha inapanda ghafla. Huo ndio mgongo unaousikia: ko-ko-ko-ko.

Injini za kisasa zinaongozwa na kompyuta. Zinapuliza tone dogo kwanza, halafu ndiyo mpulizo mkubwa unafuata. Moto unaanza taratibu, presha haipigi kama nyundo, kelele inapungua. Turbo nayo inameza sehemu ya mlio wa moshi kabla haujafika kwenye ekzosi. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na nguvu zaidi na likalia kidogo zaidi kwa sababu hizo hizo.

Kelele nyingine hazihusiani na injini kabisa. Sailensa iliyotoboka. Tairi za meno. Mpira wa mlango uliokauka. Bodi ya nyuma inayogonga. Zote zinaingia sikioni kwa pamoja na unadhani ni injini.

JINSI YA KUPIMA, UNAHITAJI SIMU TU

Nilipotaka kununua pikapu ya pili sikurudia kosa. Nilipima tatu. Fanya hivi:

1. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Inasoma desibeli. Simu siyo kifaa cha maabara, lakini ukitumia simu ile ile, mahali pale pale, unaweza kulinganisha gari na gari.

2. Tumia barabara moja kwa magari yote. Vioo juu, redio zima, kiyoyozi zima. Simu ikae usawa wa sikio la dereva.

3. Soma mara tatu: gari limesimama likiwa kimya kimya, gari limesimama kwenye mizunguko 2,000, na gari linatembea mwendo wa 80.

4. Pakia mzigo. Mifuko 10 ya saruji ni kilo 500. Muuzaji akikataa gari lake lisijaribiwe na mzigo, muage kwa heshima.

5. Tafuta mlima wa lami. Ukiwa Dar, vipande vya kupanda vya Goba au Pugu vinatosha. Weka gia ya tatu, mwendo wa 40, kanyaga mpaka 60 na hesabu sekunde. Hizo sekunde ndizo nguvu halisi.

6. Nenda na mtu wa pili. Yeye ndiye ashike simu na saa. Dereva aendeshe tu.

Jambo moja kuhusu desibeli: usizihesabu kama kilo. Zikiongezeka 10, sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili. Kwa hiyo tofauti kati ya 70 na 77 siyo ndogo.

NILICHOKIPATA MIMI

Gari A, cc 3,000 yenye turbo. Kimya kimya 58, kwenye mizunguko 2,000 ilisoma 66, mwendo wa 80 ilisoma 74. Mlimani na mzigo: sekunde 11.

Gari B, cc 2,500 yenye turbo. Kimya kimya 55, kwenye 2,000 ilisoma 62, mwendo wa 80 ikaruka mpaka 77. Mlimani: sekunde 12.

Gari C, cc 2,500 yenye turbo pia. 54, 61, na mwendo wa 80 ilisoma 70. Tulivu kuliko zote. Mlimani: sekunde 19.

Hapo ndipo nilipojifunza nusu ya pili ya somo. Kelele siyo nguvu, lakini na ukimya nao siyo nguvu. Gari C lilikuwa zuri masikioni na dhaifu mlimani. Tulipolisikiliza vizuri likiwa na mzigo, lilikuwa na mluzi mwembamba, fyuuu, kila ukikanyaga. Fundi akafungua boneti akatuonyesha: mpira wa kupeleka hewa ya turbo umepasuka. Hewa inavuja, nguvu inapotea. Bila mlima na mzigo nisingejua.

Na Gari B? Ilisoma desibeli chache kuliko A ikiwa imesimama, ila ikitembea ikawa ya kwanza kwa kelele. Maana yake kelele ya ziada haikuwa ya injini. Tuliinama tukakuta tairi za meno makubwa. Nilipunguziwa bei kwa ajili ya hizo tairi, nikainunua, nikaweka tairi za lami. Nikapima tena barabara ile ile: kutoka 77 ikashuka mpaka 72.

Ningetumia masikio tu, ningeikataa B na kuikimbilia C.

KWA NINI KELELE IKUSUMBUE WEWE MUUZAJI?

Kuna atakayesema, kelele ni kelele, mimi nataka mzigo ufike. Sawa, ila angalia haya.

Dereva anachoka. Kiwango kinachotumiwa sana kulinda masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Wataalamu wengi wa afya kazini wanasema kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua kwa nusu. Gari likisoma 88 ndani, saa 4 tu zinatosha. Dereva aliyechoka masikio na kichwa ndiye anayegonga mzigo wako getini.

Majirani wa mteja wapo. Ukipeleka kabati saa 12 asubuhi kwenye mtaa uliolala, mngurumo wako ndiyo utambulisho wa biashara yako.

Na kubwa zaidi, kelele ni taarifa. Ukishaujua mlio wa kawaida wa gari lako, ukibadilika unajua mapema. Mgongo ulioongezeka ghafla, mpeleke fundi aangalie nozeli. Mluzi pamoja na nguvu kupungua, angalia mipira ya turbo. Mlio mzito wa nyuma, angalia sailensa. Mimi kila mwisho wa mwezi napima mahali pale pale na kuandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma.

NISEME NA UPANDE WA PILI

Sijasema kila mtu anunue ya kisasa. Injini za zamani zisizo na turbo ni rahisi kutengeneza na fundi wa mtaani anazijua kwa macho. Injini ya kisasa inataka dizeli safi, chujio kwa wakati, na nozeli zake zikiharibika bei inauma. Kama oda zako zote ni Kariakoo, Tegeta na Mbagala, barabara tambarare, mzigo mwepesi, ya zamani inaweza kukufaa kabisa. Ile yangu ya kwanza sijaiuza mpaka leo. Nilibadilisha sailensa, sasa inalia kistaarabu, inazunguka mjini. Kitonga haipandi tena.

Na hata ukikodi tu, uliza maswali haya haya kabla ya kumpa mteja saa ya kufika: injini gani, ina turbo au haina, imewahi kupanda mlima huo na mzigo kama huu kwa muda gani? Mteja hanunui kabati peke yake. Ananunua na ile saa uliyomtajia.

Kwa kifupi, kabla hujatoa pesa: jua Nm na mizunguko yake, jua ni toleo gani la injini, pakia mzigo, panda mlima, hesabu sekunde. Kelele iandike kwenye safu yake pembeni, usiichanganye na safu ya nguvu.

Hifadhi somo hili, siku ya kwenda kuona gari ulifungue. Mtumie na mwenzako anayetafuta pikapu wiki hii, kabla dalali hajamuwashia. Na wewe unayetumia pikapu tayari, andika kwenye komenti: injini yako ni ipi, unabeba kilo ngapi, na mlima gani umewahi kukuaibisha? Tusaidiane.

Biashara njema.